Ndoo tatu mlangoni

Mwaka wangu wa kwanza kama afisa ustawi wa jamii wa kata, mwalimu akanipigia: kuna binti wa darasa la tano, wiki mbili haonekani shule. Nikaenda na fomu zangu na Sheria ya Mtoto ya 2009 kichwani, tayari kumsomea mzazi vifungu. Nikamkuta bibi, miguu imevimba, na ndoo tatu tupu mlangoni. Mjukuu yuko kisimani tangu alfajiri.

Fomu nikazikunja. Chuoni walituimbia "tathmini kwanza", mimi nilishahukumu nikiwa kwenye bodaboda! Nikazunguka zahanati, kwa mwenyekiti wa mtaa, mwisho kwa jirani mwenye bomba. Jirani ndiye aliyemaliza kazi. Jumatatu binti alikuwa darasani, sare bado mbichi.