Uzio wangu safari hii umesimama

Jamani, leo nimemaliza kuvuta waya kwenye uzio wa shamba langu hapa Mabogini, na moyo umetulia. Mwaka jana fundi alichimba mashimo ya futi 1, akashindilia udongo na mawe, akaondoka. Masika yalipokolea udongo ukalainika, nguzo zikalala upande mmoja, mbuzi wakapita juu ya waya na kumaliza mchicha wote. Iliniuma sana.

Safari hii nilisimama na fundi mwingine shimo kwa shimo. Nguzo za chuma zina mita 2.4, kwa hiyo sentimita 60 zimeingia ardhini. Tulitanguliza kokoto chini maji yapate pa kupenyea, ndipo zege: ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, 4 za kokoto. Juu tukalisawazisha kwa mteremko ili maji yasituame shinani mwa nguzo, maana hapo ndipo kutu hupenda kuanzia. Kamba na pima maji havikutoka mkononi.

Wengi wanachokiruka ni nguzo za kona. Hizo ndizo zinazobeba mvuto wote wa waya! Kila moja tumeiwekea mhimili wa mshazari upande ule waya unakoivutia, nao mguu wake umo kwenye zege.

Fundi alitaka kuvuta waya kesho yake. Nikamwomba tusubiri, tukamwagilia zege siku 7.

Majirani mlioniazima toroli, asanteni sana. Nalirudisha jioni.