Bunduki ya pili: 308, 6.5 ama 223? Anko amenisaidia kuamua nikiwa likizo Nakuru

Niko nyumbani Bahati wiki ya tatu sasa na kila jioni mimi na anko tunakaa nje ya jikoni, story ni moja tu, mtutu. Anko alikuwa jeshi, kambi yake ya mwisho ilikuwa hapa Lanet, na bunduki ya jeshi ya G3 aliishika miaka mingi, kwa hivyo nilipomwambia nataka kujenga bunduki nyingine ya kulenga shabaha nikirudi Texas hakushtuka kama wengine. Aliuliza tu, "Ya mita ngapi, kijana?"

Nilikosa jibu. Nilikuwa nimesoma miezi minne kuhusu kaliba, yaani saizi ya risasi, hizo 308, 6.5 na 223, nimelinganisha bei, nimeangalia video mpaka saa nane usiku, na hilo swali sijawahi kujiuliza vizuri.

Mamangu yeye hapendi hizi story na simlaumu. Januari 2008 tulilala sakafuni hapa hapa tukisikia milio upande wa mjini, na kwake bunduki imebaki ule usiku. Nilimweleza polepole kwamba kule kuna uwanja wa shabaha na msimamizi, ukiambiwa acha unaacha na unafungua bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, kila mtu aone chemba, pale risasi inakaa, iko tupu, unalala kwa mkeka unatoboa karatasi, halafu kitu inarudi kwa sefu. Akaniuliza watoto je. Nikamwambia funguo natembea nayo mimi, na risasi zinakaa kwa sanduku lingine. Akanyamaza, akaniongezea chai.

Kabla niingie kwa kaliba, vijana wa hapa wameniuliza sana kama mtu akifika tu Marekani anaweza kununua. Ukiwa na visa ya masomo ama ya kutembea, sheria ya serikali kuu inakukataza kumiliki na hata kushika, isipokuwa mambo machache kama kuwa na leseni ya kuwinda, kwa hivyo rafiki akikuita uwanjani "ujaribu tu" muulize kwanza wakili. Mwenye grinkadi anaruhusiwa, lakini dukani utajaza fomu ya 4473 na wacheki rekodi yako, na kuna swali la bangi hapo, usifikirie kwa sababu jimbo lako limeiruhusu uko sawa, serikali kuu bado inaikataza. Usidanganye kwa hiyo fomu hata kidogo, uwongo wenyewe ni kesi. Na ukija nyumbani kung'uta begi. Mimi begi ya uwanjani haipandi ndege kabisa, na hata hii nyingine niligeuza kila mfuko ndani nje kabla ya kutoka, risasi moja ikionekana uwanja wa ndege Nairobi utaeleza mpaka uchoke.

Sasa, bunduki ya kwanza niliyojenga ni 308. Hiyo anko anaijua kwa jina la 7.62, karibu ndugu wa risasi ya G3, imekuwako tangu 1952 na haina maneno, mtutu wake unakaa maelfu ya risasi kabla uchoke. Shida ni teke, vile bunduki inakurudia begani ukipiga. Nikipiga 40 bega linaniambia, na kuanzia ya 30 najikuta nafumba jicho kabla ya mlio, na ukishaanza hiyo tabia kuitoa ni kazi.

Kila mtu uwanjani ananisukuma 6.5 Creedmoor. Na ni kaliba nzuri kweli, kampuni ya risasi ya Hornady waliitoa 2007 kwa ajili ya watu wa mashindano ya mbali, risasi yake ni nyembamba na ndefu, upepo hauisumbui sana kama 308, na teke ni dogo. Tena tako la ganda lake, ile sehemu ya nyuma bolti inashika, ni saizi moja na la 308, kwa hivyo ningebadilisha mtutu tu, bolti ni ile ile, magazini ni ile ile. Hapo ndipo nilikuwa karibu kulipa. Lakini risasi ya mashindano ya 6.5 ningeinunua dola moja na nusu na kitu, hiyo ni kama mia mbili ya Kenya kila ukivuta, na mtutu unaisha mapema kuliko wa 308.

Nikamjibu anko siku ya pili. Uwanja wangu wa kila Jumamosi mwisho ni yadi 200. Mara moja kwa miezi miwili tunaenda ranchi moja yenye yadi 600. Basi. Sijawahi kupiga mbali kuliko hapo na sina mahali pa kupigia. Anko akasema, "Sasa ya kilomita unanunulia nani?"

Kwa hivyo ni 223. Bei ya risasi zake iko chini kuliko ya 6.5, teke karibu hakuna, naweza kupiga mia moja asubuhi na bado niko na bega. Wenye wanaidharau wanaifikiria ile nyepesi ya greni 55 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi), na hiyo kweli upepo unaibeba. Siri iko kwa msokoto wa ndani ya mtutu, ile mifereji inayozungusha risasi. Kwa mitutu mingi ya zamani ilizunguka mara moja kwa inchi 12, risasi nzito ikipita hapo inayumba. Ukichukua wa inchi 8 unapiga greni 77 ikiwa imetulia, na yadi 600 inafika bila shida. Nimechagua mtutu mzito, urefu inchi 24, na kwa sababu tako la ganda la 223 ni dogo lazima ninunue akshoni nyingine, ile sehemu inayobeba bolti, hiyo nimekubali, 308 itabaki nzima. Kufunga mtutu na kupima chemba kwa geji namwachia fundi, hapo mtu hajaribu jaribu.

Pesa nyingi safari hii inaenda kwa darubini na vishikio vyake. Ya kwanza niliinunulia vishikio vya bei ya chini, na Jumamosi tatu nililaumu risasi, nikabadilisha aina mbili, bado vikundi vya matundu kwa karatasi vinahamia kushoto inchi nne. Siku moja nikaweka kidole kwa skrubu ya mbele ikazunguka yenyewe, nusu mzunguko, bila spana. Sasa niko na spana ya kupima nguvu na nachora alama ya rangi kila skrubu. Na darubini yenyewe nataka ya mil, si ya MOA, hivyo ni vipimo viwili vya pembe vya kurekebisha shabaha. Sisi tulisoma na mita, kliki moja ya 0.1 ni sentimita moja kwa mita 100, unahesabu kichwani ukiwa umelala, hiyo ya inchi na yadi mi bado inanichanganya miaka tisa baadaye.

Upepo ndio sijaujua. Jana mamangu alikuwa anapepeta maharagwe, anainua ungo anangoja, ukija nguvu sana anashusha, ukipungua anamwaga, makapi yanaenda upande mmoja. Anko akaniambia angalia mkono wake, haumwagi katikati ya upepo, anangoja ule unaojirudia. Nikaangalia mpaka gunia likaisha.

Nasafiri Jumanne. Mtutu nimeshaagiza, anko anataka nimtumie picha ya karatasi ya kwanza, tano kwa mita 100, na amesema nisichague nzuri.