Shemeji, kilo ya ufuta ina bei, lakini njoo tupige hesabu

Shemeji yangu anayelima Nachingwea hunipigia simu kila minada ya ufuta ikianza. Salamu zenyewe fupi. "Shemeji, leo kilo imevuka elfu tatu! Nyie huko Ikungi bado mnang'ang'ana na alizeti?" Namwacha aongee, kwa sababu hanidanganyi. Ufuta wa kusini unapelekwa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unauzwa mnadani kwa stakabadhi ghalani (mzigo unakaa ghalani, mkulima anashika risiti yake), na kilo ya alizeti haijawahi kuikaribia bei hiyo.

Sasa muulize amepata kilo ngapi. Ekari ikimpa kilo 250, siku hiyo anachinja kuku. Na ufuta hausubiri mtu: ukichelewa kidogo kuukata, vitumba vinapasuka na punje zote ziko chini. Inabidi ukatwe ungali na ukijani, ufungwe matita, yasimamishwe yakauke, kisha yapinduliwe juu ya turubai na kugongwa. Vibarua wa kazi hiyo wanajua thamani yao. Mzigo ukifika ghalani yanaanza makato, kisha mtu anakaa kusubiri pesa iingie benki.

Mimi daftari langu la msimu uliopita linasema hivi, kwa ekari moja ya alizeti. Trekta 40,000. Mbegu chotara kilo mbili, 70,000, na hapo ndipo majirani wengi wanaponikimbia, wanarudia Record, mbegu ya kawaida isiyo chotara, waliyoivuna wenyewe msimu uliotangulia. Kupanda 20,000, palizi 60,000, kuvuna na kupiga 40,000, magunia 10,000. Jumla 240,000. Nikavuna magunia manane ya kilo sitini sitini.

Mnunuzi wa kwanza alikuja na lori mwezi wa sita, anatoa shilingi 600 kwa kilo. Ningemuuzia, ningepata 288,000. Yaani shilingi 48,000 kwa kazi iliyoanza na mvua za Desemba! Na huyo alikuwa na mizani. Wapo wanaokuja wanataka lumbesa, gunia limevimba kichwani kama mtu aliyevaa kilemba, bei ile ile ya gunia.

Nilikamua. Kwenye mashine ya hapa kijijini kuna utaratibu unaoitwa kukamua bure: hulipi kitu, mwenye mashine anabaki na mashudu, yale makapi yanayobaki mafuta yakishatoka. Watu wanaupenda sana. Lakini kukamua kwa kulipia ni 5,000 kwa gunia, na gunia langu linatoa kama kilo arobaini za mashudu ambazo wafugaji wa kuku na ng'ombe wananunua 300 kwa kilo. Hiyo ni 12,000. Bure hiyo inakugharimu 7,000 kila gunia. Nimelisema hili kwenye kikundi chetu cha akina mama mpaka wamechoka kunisikia.

Na usikae nje kwenye kivuli ukipiga soga wakati unakamuliwa. Simama pale yanapotokea mashudu, chota kiganjani yakiwa bado ya moto, ubane. Mkono ukibaki unateleza, mafuta yako bado yamo humo. Mwambie fundi akaze mashine na ayarudishe. Mimi gunia lilinipa lita 16. Lita 128 niliziacha zitulie, nikazichuja, nikauza kidogo kidogo kwa 4,000 kwa lita, nyingi karibu na sikukuu za mwisho wa mwaka. Mwezi wa saba kila nyumba huku ina dumu la mafuta, utamuuzia nani? Nikitoa 40,000 ya kukamua na 30,000 ya madumu na usafiri, nikaongeza 96,000 ya mashudu, kisha nikaondoa gharama za shamba, nilibaki na 298,000. Ekari ile ile.

Shemeji ana hoja moja ambayo siwezi kuipinga. Bei yetu inaamuliwa mbali. Vita vya Ukraine vilipoanza 2022 mafuta ya kula yalipanda, watu wakafyeka mapori kupanda alizeti; 2023 bei ikaporomoka na wengine wakauza kwa hasara. Mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia yakiingia kwa ushuru mdogo, sisi wa huku Ikungi na Singida nzima tunaumia, ingawa nchi yenyewe haijitoshelezi kwa mafuta. Ndiyo maana mwezi wa sita, wakati alizeti inapigwa uwanjani, mimi nakuwa na redio pembeni: bajeti inasomwa Dodoma, nami nasikiliza kifungu cha ushuru wa mafuta tu. Mengine mume wangu atanisimulia.

Msimu huu nimepunguza ekari. Zilizobaki zote zinapandwa chotara, sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo, na mizinga miwili ya nyuki pembeni, kwa kuwa alizeti isiyotembelewa na nyuki inajaa mapepe. Shemeji ameomba nimtumie dumu la lita ishirini. Nimemwambia bei ni ile ile, nauli ya basi juu yake.