Stempu zilizogongwa mhuri kabla ya kubandikwa: nilivyozipata nikiwa Moshi

Wenzangu wanaokusanya stempu hapa Moshi hutafuta zilizo safi, mhuri umegusa pembe tu. Mimi nasaka za Marekani zenye mistari miwili myeusi na jina la mji katikati. Hizo ziligongwa mhuri hata kabla ya kubandikwa. Kampuni yenye kibali, inayotuma maelfu ya katalogi, ilizinunua na kuzibandika yenyewe, na posta ikaokoa kazi ya kugonga bahasha moja moja.

Tatizo ni kwamba zilitumika zaidi kwa barua za humo humo Marekani. Ukizisubiri kwenye sanduku lako la posta utazeeka. Kilichonifaa ni kubadilishana. Huko wanazitaka stempu za Tanganyika za 1961, za uhuru: ya senti 15 yenye uchumaji wa kahawa, na ya shilingi 1 na senti 30 yenye mwenge juu ya Kilimanjaro. Nilizipata kwa mzee mmoja wa Kibosho aliyetunza barua zake kwenye sanduku la bati.

“Shikamoo babu. Naomba hizi stempu.”

“Marahaba. Chukua, mjukuu wangu, ila barua niachie.”

Nikakata pale pale barazani, nikiacha ukingo mpana wa karatasi ili meno ya stempu yasidhurike.

Mkusanyaji wa Ohio akanirudishia bahasha nono. Kuzipanga kwa picha hakukusaidia kitu, maana sura ya rais yule yule hujirudia mno. Nikazipanga kwa jimbo, kisha mji. Jimbo kwanza, kwa kuwa Springfield iko Massachusetts, Ohio, Illinois na hata Missouri. Halafu nikatenga zilizochapwa jina la mji na kiwanda cha serikali kule Washington, mtindo ulioanza kwa majaribio mwaka 1916 kwa Augusta, New Orleans na Springfield ya Massachusetts. Hizo zimenyooka. Zilizogongwa na posta za mijini, nyingine zimekaa kombo, nyingine jina limepinduka juu chini. Kwangu hizo ndizo tamu, waseme watakavyo wapenda unadhifu.

Kuzibandua ni rahisi: maji baridi, subira, kisha zikauke katikati ya karatasi nyeupe chini ya kitabu kizito. Masika albamu nazisimamisha, kwani unyevu huzigandisha zikilaliana. Mwenye bahasha kuukuu Machame au Marangu asizichome. Nitazinunua, barua abaki nazo.