Kubadilisha pampu ya oili kwenye Bridgeport ya zamani

Pampu ya mkono inayolainisha Bridgeport ya zamani, yaani mashine ya milingi ya kukata chuma, huhukumiwa kabla ya kusikilizwa. Meza ikiwa nzito na njia zake (nyuso za chuma inazotelezea) zikikauka, mtu anaagiza pampu mpya, anaifunga, na meza inabaki kavu vilevile.

Basi ipime kwanza. Pampu nyingi za Bijur, kampuni ya mifumo ya kulainisha mashine, zilizofungwa kwenye Bridgeport huendeshwa kwa springi: ukivuta mpini, springi inabanwa, ukiuachia, springi inasukuma oili taratibu huku mpini ukirudi wenyewe. Fungua bomba kuu kwenye pampu, vuta mpini. Ikitoka oili ya kutosha, tatizo liko mbele ya pampu. Mpini ukirudi bila oili, angalia kiwango kwenye tangi na filta ya chini. Kisha ziba tundu la kutokea kwa plagi na uvute tena. Mpini unapaswa kubaki pale ulipouvuta. Ukirudi haraka, oili inavuja ndani ya pampu, mara nyingi kwa kuwa sili ya pistoni imekwisha, na hapo kweli tafuta pampu.

Usinunue kwa kuangalia sura. Bridgeport inatumia vipimio vya kizuizi: vile vidude vya shaba vyenye mshale wa mwelekeo na namba, ambavyo ndani vina wavu mdogo, njia nyembamba na valvu ya kuzuia oili kurudi. Namba ikipanda hatua moja, oili inayopita huongezeka takriban mara mbili. Vinahitaji msukumo wa taratibu, wa muda. Kuna mfumo mwingine, ambao kila kidude hupima ujazo wake na kuutoa kwa mkupuo. Huo unataka pampu inayoachia presha baada ya kila mzunguko, la sivyo kidude hakijazi tena. Mifumo hii miwili haichanganywi. Pampu inayoachia presha mapema, ukiifunga kwenye vipimio vya kizuizi, hutoa oili kidogo mno, nawe utaendelea kuilaumu bure. Soma kibandiko cha pampu, na chagua yenye kiasi cha oili kwa mvuto mmoja kinachokaribiana na cha ile ya zamani.

Mtego unaofuata ni tredi za nati za bomba. Bijur ya Kimarekani ni inchi 5/16 yenye tredi 24 kwa inchi. Pampu nyingi za Asia ni M8, yaani kipenyo cha milimita 8, yenye hatua (umbali kati ya tredi) ya milimita 1. Kwa milimita, kipenyo ni 7.94 kwa 8, na hatua ni 1.06 kwa 1. Kwa hiyo nati inashika mizunguko michache kisha inakaza, na fundi anadhani imefika. Haijafika, ukiongeza spana unararua shaba. Tumia adapta, au badilisha viungo vyote kuanzia pampu hadi kwenye kigawanyio, pale bomba kuu linapogawanyika. Bomba lenyewe halisumbui, maana inchi 5/32 ni milimita 3.97, na la milimita 4 linaingia. Likiwa la nailoni, likate mraba kwa wembe na utie kijibomba cha shaba ndani ya ncha, la sivyo nati italibana lijikunje.

Matundu ya bolti hayatalingana. Badala ya kutoboa mwili wa mashine, kata bamba la chuma la milimita 6 lifungwe kwenye matundu ya zamani, na pampu ifungwe juu yake. Ikae wima, mahali pasipofikiwa na maji ya kupozea. Oili ikigeuka nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia.

Kwenye sehemu zinazotembea acha bomba lenye ulegevu. Peleka meza na sadoli (sehemu inayobeba meza) hadi mwisho pande zote, pandisha na ushushe goti (sehemu inayobeba sadoli), ukitazama bomba lisibanwe wala kuvutwa. Shaba tupu haifai hapo: hukakamaa kwa kupindwapindwa, kisha hupasuka.

Kabla ya kuunganisha, toa vipimio vyote na upulize mabomba kwa hewa. Usipulize kipimio. Kilichoziba kitupe, weka kipya cha namba ileile, mshale ukielekea kwenye njia za mashine. Jaza tangi kupitia wavu wake, vuta mpini hadi oili itoke bila povu kwenye ncha ya kila bomba, ndipo urudishe vipimio.

Sasa kagua sehemu moja moja: njia za meza, za sadoli, za goti, na nati za skrubu zinazosogeza meza. Sehemu moja ikivuja hadi sakafuni huku nyingine zikiwa kavu, bomba limekatika au mtu aliwahi kuweka kiungo kitupu mahali pa kipimio. Oili hufuata njia rahisi, na ukivuta mpini zaidi unaongeza uchafu wa sakafu tu. Kipimio kikitoa oili lakini njia ikabaki kavu, mifereji chini ya meza imejaa grisi ya zamani. Hapo meza ishushwe kwa winchi isafishwe, hakuna mkato.

Oili iwe ya njia za mashine, ISO VG 68 (namba ya uzito wa oili). Ya haidroliki ya 68 ina uzito uleule lakini haing'ang'anii chuma na haizuii meza kusukasuka ikienda polepole. Ya injini ina kemikali za kusafisha zinazobeba uchafu hadi kwenye nyavu za vipimio. Grisi isiingie kabisa kwenye mfumo huu.