Nyimbo tano zisizo na kwao

Albamu ilipokamilika tulibakiwa na siku mbili za studio na nyimbo tano zisizo na kwao. Tatu ni zetu, zilikosa nafasi kwenye albamu. Mbili ni kava za nyimbo za watu. Mimi ni mpiga besi, na kwa kuwa wenzangu walikuwa hoi, usimamizi wa siku hizo mbili niliubeba mimi. Nilizitaka kwa upande wa pili wa singo zetu, yaani santuri ndogo ambazo wimbo mkuu hukaa upande wa kwanza, na nilitaka zirekodiwe kwa heshima ileile tuliyoipa albamu.

Mpiga gitaa wetu hakuona haja. "Nani ataugeuza huo upande?" aliuliza. Nikamwambia habari za Bill Haley: mwaka 1954 "Rock Around the Clock" ilitolewa ikiwa upande wa pili wa santuri, mwaka uliofuata ikatumika kwenye filamu, ikashika namba moja. "We Will Rock You" ya Queen nayo ilitoka 1977 ikiwa mgongoni mwa wimbo mwingine. Hakubisha tena, ila aliomba tusikeshe.

Albamu tuliirekodi kipande kwa kipande: drams kwanza, metronomu (kifaa kinachogonga mwendo usiobadilika) masikioni, kisha besi, magitaa, na sauti mwisho kabisa. Kwa siku mbili mtindo huo usingetufikisha popote. Tukakubaliana kupiga wote kwa pamoja ndani ya chumba kimoja, bila metronomu, kila wimbo mara tatu tu. Jioni ya kabla yake nilihakikisha drams zimevalishwa ngozi mpya na magitaa yamefungwa nyuzi mpya, ili vyote vivutike usiku na visitupotezee asubuhi kwa kukaza na kulegeza.

Tatizo la chumba kimoja ni sauti kuvuja. Maiki ya drams inasikia gitaa, ya gitaa inasikia drams. Amplifaya za gitaa tulizigeuzia ukutani na kuzizungushia magodoro, besi nikaiingiza moja kwa moja kwenye mitambo. Kwenye drams fundi mitambo aliweka maiki nne tu: moja kwenye ngoma kubwa, moja kwenye snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, mbili juu. Hizo za juu tulizipima kwa kamba kutoka katikati ya snea hadi umbali ukawa sawasawa, maana moja ikiwa mbali kuliko nyenzake, mlio wa snea huifikia ikiwa imechelewa, na zikichanganywa snea inakonda. Kazi ya kamba ilichukua dakika kumi. Ndizo dakika ninazozishukuru kuliko zote.

Nyimbo zetu mbili zilikaa sawa kabla ya mchana, zote kwenye mara ya pili. Ya tatu iligoma. Kila tukifika kiitikio mwendo unakimbia, na bila metronomu ni vigumu kukata kipande cha mara ya kwanza ukakiunga na cha mara ya tatu, maana mwendo haulingani. Mara tatu zikaisha, tukaiacha. Iliniuma, kwa sababu maneno yake niliyaandika mimi, lakini kama ningeomba mara ya nne, wengine nao wangeomba yao.

Kava ya kwanza ilikuwa rahisi, tuliipiga jukwaani miaka mingi. Ya pili ndiyo iliyotukwamisha. Tulikuwa tumeusikiliza wimbo wa asili kutwa nzima ya kufanya mazoezi, na tulichokuwa tunapiga ni nakala yake, nzuri, safi, isiyo na sababu ya kuwepo. Mpiga drams alijaribu kubadilisha akashindwa. "Mikono yangu inaukumbuka ule," alisema. Ninavyoona mimi, kava inayomfanya msikilizaji atamani kurudi kwenye ule wa asili haijafanya kazi yake.

Asubuhi ya siku ya pili nikaomba jambo moja: mtu asiusikilize tena ule wimbo. Mwimbaji akakaa na gitaa kavu, akauimba jinsi anavyoukumbuka, mahali panapomkalia vizuri kooni. Ukashuka kutoka ufunguo wa A hadi F, na mwendo ukaanguka kutoka midundo 128 kwa dakika hadi kama 80. Mpiga gitaa akafunga kapo, kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya kwanza ya shingo la gitaa ili apate nyuzi zilizo wazi, kana kwamba anapiga E. Mpiga drams akaweka fimbo chini, akachukua brashi. Ule mdundo wa zamani haukumjia tena, kwa sababu mwendo huo haukuwa na mahali pa kuuweka. Mimi nilipunguza noti zangu hadi mbili kwa kila kipimo. Tukaupiga mara moja, tukanyamaza mpaka mlio wa mwisho wa sahani ya drams ukafa, na fundi hakutaka tuurudie.

Lilibaki jambo la maneno. Mwimbaji alikuwa amebadilisha mstari mmoja wa ubeti wa pili. Kuurekodi wimbo wa mtu ni ruhusa moja, kuyagusa maneno yake ni ruhusa nyingine, na wenye haki za utunzi ndio wenye kuitoa. Tuliomba, majuma mawili yakapita kimya, tukaamua kuuimba mstari kama ulivyoandikwa. Bahati nzuri siku ile nilikuwa nimeandika kila kitu: maiki ipi, sentimita 20 kutoka mdomoni, mwimbaji kasimama pembe ipi ya chumba, magodoro yamekaa wapi. Tukarudi studio kwa saa moja, tukapanga vilevile, akaimba mstari ule mmoja, fundi akaupachika. Nimeusikiliza ubeti wa pili mara nyingi tangu hapo, na mimi mwenyewe sioni ulipoungwa.