Nilivyosafisha rekodi ya machapisho ya daktari mtafiti hapa Mbeya

Faili la kupandishwa cheo lilihitaji orodha kamili ya makala, idadi ya mara zilizonukuliwa, na indeksi ya h, yaani idadi kubwa zaidi ya makala ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara hiyohiyo. Wasifu wa daktari ulikuwa na makala 23. Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma, ilimpa 41; Scopus, hifadhidata ya machapisho na nukuu zake, 14. Hakuna aliyedanganya, shida ilikuwa jina.

Kwetu huku akina Mwakalinga na akina Sanga ni wengi, na majarida mengi ya tiba huandika jina la ukoo na herufi za mwanzo tu. Mtu mmoja anatokea kama "Mwakalinga A", kesho "Mwakalinga AJ", na jarida jingine linageuza jina lake la kwanza kuwa la ukoo. Mwanamke aliyebadili jina baada ya kuolewa huhesabiwa kama watafiti wawili. Taasisi nayo haisaidii: makala za zamani zinataja MMRP (Mbeya Medical Research Programme), za karibuni NIMR-MMRC (kituo cha Mbeya cha taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, NIMR), na kompyuta haijui kuwa ni kituo kilekile cha Mbeya.

Kwa hiyo sikugusa namba kwanza. Nilianzia PubMed, hifadhidata ya bure ya makala za tiba, nikaandika Mwakalinga A[au] AND Mbeya[ad], ambapo [au] ni mwandishi na [ad] ni anwani ya taasisi yake, kisha nikarudia bila sehemu ya anwani. Kurudia huko ni lazima, maana rekodi za kabla ya 2014 kwa kawaida zina anwani ya mwandishi wa kwanza tu. Mtafiti wa Mbeya aliyekuwa wa tano nyuma ya mwenzake wa Munich hapatikani kwa neno "Mbeya". Utafutaji wa tatu ulitumia [ir], yaani mtafiti aliyetajwa bila kuwa mwandishi. Kwenye majaribio makubwa ya dawa za kifua kikuu au chanjo ya VVU, baadhi ya watafiti hutajwa ndani ya kundi, si kwenye mstari wa waandishi. Hizo niliziweka kwenye jedwali la peke yake, kwa sababu kuzihesabu kama uandishi kamili ni kosa ambalo kamati hulikamata haraka.

Kila makala iliingia kwenye jedwali na PMID (namba yake ya PubMed), DOI (kitambulisho chake cha kudumu mtandaoni), mwaka na nafasi ya mwandishi. Kuanzia hapo nililinganisha DOI tu, kwani kichwa cha makala hubadilika kati ya rasimu na toleo la mwisho.

ORCID, kitambulisho cha mtafiti binafsi, ilifuata: tarakimu 16 katika mafungu manne, ya mwisho ikiweza kuwa X. Niliingiza majina yote aliyowahi kutumia kwenye sehemu ya majina mengine, nikaruhusu Crossref, shirika linalosajili DOI za makala, iongeze makala mpya yenyewe. Ruhusa hiyo haifanyi kazi kama mwandishi hakuweka ORCID yake wakati wa kuwasilisha makala.

Kazi kubwa ilikuwa Google Scholar. Niliondoa makala za watu wengine, kisha nikaunganisha nakala pacha. Faida ya kuunganisha huonekana ukikokotoa indeksi ya h kwa mkono, kipimo alichopendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005. Panga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi: 31, 18, 12, 9, 6, 5, 3, 2. Ya tano ina 6, inatosha. Ya sita ina 5, haitoshi. H ni 5. Sasa ile ya 5 na ile ya 3 zikiwa makala moja, zinakuwa 8, mpangilio unakuwa 31, 18, 12, 9, 8, 6, 2, na h inapanda hadi 6 bila kuongeza neno lolote. (Jumla inaweza kupungua kidogo iwapo makala ileile ilinukuu nakala zote mbili.) Mwisho nilizima uongezaji wa moja kwa moja, nikachagua kutumiwa barua pepe kabla ya makala kuingizwa. Usipofanya hivyo, makala za majina yanayofanana hurudi.

Scopus hairekebishwi na mwenyewe. Unatuma ombi la kuunganisha wasifu na kusubiri. Namba zake hubaki chini kuliko za Google, ambayo huhesabu pia tasnifu, ripoti na rasimu. Ndiyo maana siandiki kamwe "h ni 6" peke yake. Naandika chanzo na tarehe: Google Scholar, 6; Scopus, 5; siku niliyotazama.

Kipimo cha jarida (impact factor) sikukiweka kwenye safu ya daktari. Hicho ni wastani wa mara ambazo makala za jarida za miaka miwili iliyotangulia zimenukuliwa, si sifa ya mtu. Badala yake nilibandika PMID zote kwenye iCite, huduma ya bure ya NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, inayolinganisha nukuu za makala na za nyingine za fani yake, ambapo 1.0 ndiyo kiwango cha katikati cha makala zilizofadhiliwa na NIH.